Nyumbu wa Serengeti na Deni la Ng'ombe

Abiria wa basi la Arusha kwenda Musoma kupitia Serengeti hupata bahati ambayo wageni huilipia fedha nyingi. Baada ya Karatu gari hupanda hadi ukingo wa Kreta ya Ngorongoro, kisha huteremka upande wa pili, na nchi yote ikafunguka mbele. Kati ya Januari na Machi, mvua ikinyesha vizuri, uwanda ule wa nyasi fupi huwa mweusi kwa nyumbu waliokuja kuzaa, na pundamilia wamechanganyika nao.

Nimeipita barabara hiyo nikiwa mwalimu kijana, nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu, na sasa nikiwa mstaafu. Kila mara hakosi abiria wa kusema kwamba hivi ndivyo dunia ilivyokuwa tangu kuumbwa. Nimefundisha historia maisha yangu yote, na neno hilo hunifikirisha.

Safari yenyewe ni ya kale. Udongo wa pale umetokana na majivu ya volkano, na nyasi zake zina madini yanayomfaa mama anyonyeshaye. Maji yakikauka, nyumbu hushika njia ya magharibi na kaskazini hadi Mto Mara na kuingia Kenya. Mvua zikianza, hurudi. Lakini wingi wao una umri mdogo kuliko wangu.

Mnamo 1890 na 1891 sotoka iliingia nchi ya Wamasai ikitokea kaskazini. Ng'ombe walikufa karibu wote, na nyumbu wengi pamoja nao. Oscar Baumann, mpelelezi Mwaustria aliyefika Ngorongoro mwaka 1892, aliwakuta watu waliobaki mifupa kwa njaa. Ugonjwa haukuondoka. Kwa miongo mingi uliendelea kuua nyumbu wachanga mwaka hadi mwaka.

Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilianzishwa mwaka 1951, na mwaka 1959 Wamasai waliokuwa wakichunga humo walihamishiwa Ngorongoro. Wengi hudhani kwamba mipaka hiyo ndiyo iliyoleta wingi wa wanyama. Mipaka ilisaidia, sikatai. Lakini katika miaka ya 1950 na 1960 ng'ombe wa wafugaji waliozunguka hifadhi walichanjwa dhidi ya sotoka, na ikaonekana kwamba nyumbu nao wamepona bila kuguswa na sindano. Kumbe ugonjwa ulikuwa ukitoka zizini. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu walikadiriwa kuwa takriban 250,000. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970, wakisaidiwa pia na mvua za kiangazi, walizidi 1,200,000. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba sotoka imetoweka duniani.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukipita pale na kuona nyumbu hadi upeo wa macho, wakumbuke pia mabwana mifugo waliotembea boma kwa boma na masanduku ya chanjo, na wafugaji waliowatoa ng'ombe wao kuchomwa sindano. Majina yao hayamo katika vitabu vya watalii. Tumezoea kumhesabu mfugaji kuwa adui wa mnyama wa porini. Historia ya barabara hii inaonyesha kwamba afya ya zizi lake ndiyo iliyojaza uwanda ule. Anayepanga mustakabali wa nchi ile hana budi kulijua jambo hilo kabla hajachora mpaka mwingine.