Kumsomesha Mtoto Nyumbani kwa Kufuata Anachokipenda

Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, wazazi wa Pwani walijikuta walimu bila kuajiriwa. Wengi walihesabu siku hadi milango ilipofunguliwa Januari 2021. Lakini wapo walioona jambo wasilolitarajia: mtoto aliyekuwa akilia kwa hesabu za darasani akikokotoa faida ya kuuza barafu za ukwaju bila kukosea hata shilingi. Baadhi yao wangali wanauliza kama mtoto anaweza kusomea nyumbani moja kwa moja, na kama masomo yanaweza kuanzia kwenye kile anachokipenda.

Fikra hii ina wenyewe. Anayetajwa zaidi ni John Holt, mwalimu wa Marekani aliyeandika mwaka 1964 kuhusu kwa nini watoto hufeli. Alidai kwamba mtoto darasani hujifunza kumridhisha mwalimu na kuogopa kukosea, na hofu hiyo ndiyo huua hamu ya kujua. Mwanzoni alitaka shule zirekebishwe. Alipokata tamaa, mwaka 1977 alianzisha jarida la wazazi waliosomesha watoto wao nyumbani bila kuigiza shule: hakuna kengele, hakuna ratiba ya dakika arubaini, mtoto huuliza na mzazi humsaidia kutafuta.

Sisi wa Pwani hatuwezi kusema ni jambo geni kabisa. Fundi wa majahazi wa Lamu hakufundishwa kwa ubao. Alianza kwa kumpokeza babake misumari, akaja kupiga kalafati, mwisho akawa anapima ubao kwa jicho.

Chukua mtoto anayependa bahari. Mpe daftari aandike kila siku saa ambayo maji yamejaa. Baada ya wiki ataona kwamba kila siku yanachelewa kwa takriban dakika hamsini. Mwache aulize sababu, kisha mtazame mwezi pamoja. Atagundua kwamba bamvua huja karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na maji mafu huja katikati yake. Hapo ameshagusa hesabu, sayansi na kalenda ya Kiislamu bila kufungua kitabu. Mpeleke Fort Jesus, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, akaone vitu vilivyoopolewa kwenye merikebu yao iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697. Akirudi na maswali, ndiyo historia hiyo. Anayependa jikoni naye atajua sehemu ya nusu na robo kwa kupima unga wa mahamri, na bei kwa kwenda sokoni na orodha aliyoiandika mwenyewe.

Ila tusidanganyane. Njia hii inamtaka mtu mzima aliyepo, mwenye subira na anayesoma. Mzazi anayetoka alfajiri na kurudi usiku hawezi kusema anasomesha nyumbani kwa sababu tu mtoto ana simu yenye intaneti. Na mapenzi ya mtoto hayafiki kila mahali: yule wa bahari huenda asiandike insha hata moja mpaka asukumwe. Kwa maoni yangu, kusoma, kuandika na hesabu visiachiwe hamu peke yake. Hamu iwe mlango tu.

Kuna sheria pia. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule au taasisi iliyoidhinishwa, na kukaidi bila sababu ya msingi ni kosa. Haikuweka utaratibu ulio wazi wa kumsajili mtoto anayesomea nyumbani. Usajili wa mitihani ya kitaifa ya gredi ya sita na ya tisa hupitia shuleni, kwa hiyo mtoto asiye na shule anaweza kukwama hapo. Baadhi ya familia hutumia mitihani ya Cambridge, ambayo hupokea watahiniwa wa kujitegemea, lakini ada yake si ya mfuko wa kila mtu.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni mabinti zetu. Kuna nyumba ambazo "anasomea nyumbani" itakuwa jina jipya la kumlelisha wadogo zake, kuosha vyombo na kungojea mchumba. Ukitaka kujua ukweli, usimuulize babake. Muulize msichana amesoma nini wiki hii, na uombe kuona daftari lake.

Kwa wengi wetu, njia iliyo karibu ni kumwacha mtoto shuleni na kuitumia fikra hii jioni, Jumamosi na wakati wa likizo. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa mwaka 2019 wenyewe unataja kujifunza namna ya kujifunza miongoni mwa stadi zake kuu, kwa hiyo mwalimu hatashangaa akiletewa jedwali la maji kujaa na kupwa. Aliyeamua kumtoa mtoto kabisa, aanzie ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, apate jibu kwa maandishi, na kuanzia siku ya kwanza ahifadhi kazi za mtoto zikiwa na tarehe.