Mtibwa na Singida: Fainali pekee iliyozikosa timu za Dar

KATIKA historia ya Kombe la Shirikisho la Tanzania tangu liliporejeshwa msimu wa 2015/2016, iko fainali moja tu, hadi ile ya mwaka 2025, ambayo haikuwa na timu kutoka Dar es Salaam. Ni mchezo wa Juni 2, 2018, uliopigwa Uwanja wa Sheikh Amri Abeid jijini Arusha, ambapo Mtibwa Sugar ya Morogoro iliilaza Singida United mabao 3-2.

Siku hiyo Ligi Kuu ilikuwa imekwisha kumalizika na ubingwa ulikuwa Msimbazi, baada ya Simba kuwapiku Azam na Yanga. Mtibwa na Singida zote zilikuwa zimemaliza nje ya nne bora, hivyo mchezo huo wa kufungia msimu ndio uliokuwa nafasi yao ya mwisho ya kupata kitu.

Nafasi yenyewe haikuwa ndogo. Mbali na kombe na kitita cha Sh milioni 50, bingwa alikata tiketi ya kuiwakilisha nchi katika Kombe la Shirikisho Afrika. Kabla ya mashindano hayo kurejeshwa, tiketi hiyo ilikuwa ikienda kwa mshindi wa pili wa ligi, nafasi ambayo kwa timu za mikoani ilikuwa ngumu kuifikia mbele ya vigogo vya Dar es Salaam.

Vigogo waanguka

Njia ya kwenda Arusha ilisafishwa mapema. Desemba 2017, Simba, waliokuwa mabingwa watetezi, walitolewa kwa mikwaju ya penalti na Green Warriors, timu iliyokuwa ikicheza madaraja ya chini. Kipigo hicho kilimponza kocha Joseph Omog, raia wa Cameroon, ambaye alitupiwa virago.

Katika robo fainali, Mtibwa waliwafuata Azam kwao Chamazi, wakatoka nao sare bila kufungana na kuwatoa kwa penalti 9-8. Yanga nao walikwama mjini Singida, ambako wenyeji waliokuwa wakinolewa na Mholanzi Hans van der Pluijm, kocha wa zamani wa Jangwani, waliwaondoa kwa penalti 4-2 baada ya sare ya 1-1.

Nusu fainali Mtibwa walikwenda Shinyanga na kuifunga Stand United mabao 2-0, huku Singida, waliokuwa wamerejea Ligi Kuu msimu huohuo, wakiitoa JKT Tanzania kwa mabao 2-1.

Mchezo wenyewe

Mtibwa, chini ya kocha Zuberi Katwila, mchezaji wa zamani wa klabu hiyo, walianza kwa kasi. Salum Kihimbwa aliwatanguliza kabla ya beki Issa Rashid 'Baba Ubaya' kuongeza la pili. Singida hawakukata tamaa. Salum Chuku alipunguza deni, na Mzimbabwe Tafadzwa Kutinyu akasawazisha kipindi cha pili.

Zikiwa zimesalia dakika chache, na wengi wakiwa wameanza kuzifikiria penalti, Ismail Aidan Mhesa aliipatia Mtibwa bao la tatu lililolipeleka kombe Turiani.

Klabu ya mashamba ya miwa

Mtibwa Sugar ilianzishwa mwaka 1988 na wafanyakazi wa kiwanda cha sukari. Maskani yake ni Manungu, Turiani, wilayani Mvomero, kaskazini mwa mji wa Morogoro. Mji huo uliopo chini ya Milima ya Uluguru umekuwa na klabu zake zenye majina, zikiwamo Reli na Polisi, lakini ni 'Wakata Miwa' hao kutoka mashambani walioutangazia mkoa ubingwa wa Tanzania Bara mara mbili mfululizo, mwaka 1999 na 2000.

Ushindi wa Arusha ulikuwa na uzito wa ziada kwao, kwa kuwa ulifufua doa la zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Mtibwa ilishindwa kusafiri kwenda Afrika Kusini kurudiana na Santos katika mashindano ya Afrika, na Shirikisho la Soka Afrika (CAF) likaiadhibu kwa kuifungia na kuitoza faini. Kwa hiyo, mara baada ya shangwe za ubingwa, swali lililotawala lilikuwa kama klabu hiyo ingeruhusiwa kushiriki. Iliruhusiwa.

Ilianza vizuri kwa kuitoa Northern Dynamo ya Shelisheli kwa jumla ya mabao 5-0, lakini safari ikaishia mikononi mwa KCCA ya Uganda. Mtibwa ilifungwa 3-0 jijini Kampala na kulala tena 2-1 nyumbani Desemba 2018.

Baada ya hapo

Waliocheza fainali ile hawakudumu juu. Singida United ilishuka daraja mwaka 2020. Mtibwa nayo iliteremka mwaka 2024, ikakaa msimu mmoja katika Ligi ya Championship, ikautwaa ubingwa wake na kurejea Ligi Kuu mwaka 2025.

Kombe lenyewe, ambalo baadaye lilipata mdhamini mwingine na kuitwa Kombe la Shirikisho la Benki ya CRDB, lilirudi Dar es Salaam na kubaki huko. Azam walilitwaa mwaka 2019, Simba 2020 na 2021, kisha Yanga miaka minne mfululizo hadi 2025. Lipuli ya Iringa, Namungo ya Lindi, Coastal Union ya Tanga na Singida Black Stars zote zilifika fainali katika kipindi hicho, na zote zilifungwa.

Orodha hiyo ndiyo inayoipa fainali ya mwaka 2018 thamani yake. Kwa mikoa, kufika fainali limekuwa jambo la kawaida. Kurudi na kombe nyumbani, kati ya mwaka 2016 na 2025, wameweza Mtibwa peke yao.