Kodi ya Kibanda na Mabadiliko ya Serikali Katika Tanganyika

Tumezoea kuyahesabu mabadiliko ya serikali kwa bendera: ya Wajerumani iliyoteremshwa, ya Waingereza iliyofuata, na ya Uhuru iliyopandishwa usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba, 1961. Hesabu hiyo ni sahihi, lakini haitoshi. Mtu wa kawaida hakuishi chini ya mlingoti. Aliishi nyumbani kwake pamoja na mkewe, watoto na wazee wake. Katika makala hii tunakusudia kuitazama historia hiyo kutoka mlangoni pake, na kipimo chetu kitakuwa kodi.

Mwaka 1897 serikali ya Wajerumani ilitunga sheria ya kodi ya kibanda, na mwaka uliofuata ukusanyaji ukaanza. Kibanda cha shamba kilitozwa rupia 3 kwa mwaka. Mwanzoni mazao yalipokelewa badala ya fedha. Baadaye zikatakiwa fedha au kazi. Hapo ndipo maisha ya nyumbani yalipoanza kugeuka. Rupia haikuota katika shamba la mtama. Ilipatikana katika mashamba ya mkonge ya walowezi na katika ujenzi wa reli. Mume akaondoka, mke akabaki na jembe, ghala na watoto. Kufyeka mwitu na kujenga, kazi ambazo kwa makabila mengi zilikuwa za mwanamume, zikamngoja asiyekuwapo.

Huko kusini kodi iliongezewa kilimo cha pamba cha kulazimishwa, na mwezi wa Julai, 1905, Vita vya Maji Maji vikazuka. Vilipokwisha mwaka 1907, njaa ilikuwa imeua watu wengi kuliko risasi, kwa kuwa askari walichoma vyakula na mashamba. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu alikuja, na mwenyeji hakupona.

Waingereza waliiteka Dar es Salaam mwaka 1916. Je, mabadiliko hayo yalifika nyumbani? Yapo yaliyofika. Mwaka 1922 utumwa ulikomeshwa kisheria, na mzazi aliyekuwa mtumwa akaweza kumwita mtoto wake kuwa wake. Lakini mwaka huo huo ilitungwa sheria mpya ya kodi ya kibanda na ya kichwa, na kijana wa kiume asiyekuwa na kibanda naye akatozwa. Rupia ilikwisha ondoka, ikaja shilingi. Sarafu ilibadilika, deni likabaki. Tangu mwaka 1926, chini ya Gavana Donald Cameron, machifu walipewa mamlaka ya utawala wa wenyeji, na mkusanya kodi akawa jirani, pengine hata ndugu. Chuki iliyokuwa ya mgeni ikaingia ndani ya ukoo. Vijana nao wakaendelea kwenda mkonge, wakaitwa manamba, kana kwamba hawakupewa majina na wazazi wao.

Uhuru ulifungua mlango mwingine. Mwaka 1963 mamlaka ya machifu yalifutwa. Mwaka 1969 kodi ya kichwa ikaondolewa. Mwaka 1973 karo ya shule za msingi ikafutwa. Na mwaka 1977 elimu ya msingi kwa wote ikaanza kutekelezwa. Haya hayakuwa mambo ya mlingoti. Yalimfikia binti aliyekuwa akibaki jikoni wakati kaka yake akienda shule.

Hata hivyo haifai kuificha nusu ya pili ya habari. Kati ya mwaka 1973 na 1976 jamaa nyingi zilihamishiwa vijijini, nyingine kwa nguvu, zikaacha makaburi ya wazee na miti iliyopandwa na babu. Shule, zahanati na maji viliahidiwa. Pengine vilipatikana, pengine vilichelewa. Katika miaka ya 1980 kodi ya mtu ikarudi kwa jina la kodi ya maendeleo, nayo haikufutwa hadi mwaka 2003.

Kwa hiyo bendera yaweza kubadilishwa kwa usiku mmoja, lakini nyumba hubadilika polepole, na si kila mara kwa kadiri ya sherehe. Anayetaka kujua serikali mpya imeleta nini, na aulize ni nani aliyelala nyumbani msimu ule, ni nani aliyelima, na baada ya kodi kulipwa ghalani kulibaki nini.