Ariel Square Four: hitilafu iliyokaa nyuma miaka 28

Leo tuache kompyuta kidogo tuongee pikipiki, ingawa mtaona hitilafu ni zile zile.

Mwaka 1930, katika maonyesho ya Olympia jijini London, kampuni ya Ariel ilileta pikipiki yenye silinda nne zilizopangwa kama miguu ya meza: mbili mbele, mbili nyuma. Mbunifu wake, Edward Turner, alitumia krankshafti mbili zilizounganishwa kwa gia. Injini ikawa fupi, ikaenea kwenye fremu ya kawaida. Lakini ilipozwa kwa upepo tu, na silinda za nyuma zilijificha nyuma ya zile za mbele. Upepo ulizifikia ukiwa umeshapata moto.

Sasa tazama viraka vilivyofuata. Injini ilianza na cc 500, ikapanda hadi 601 mwaka 1932, kisha 997 mwaka 1937. Nguvu ziliongezeka, na joto pia. Mwaka 1949 chuma kilibadilishwa kwa alumini, inayopitisha joto haraka zaidi. Mwaka 1953 kila silinda ikapewa bomba lake la moshi. Kila kiraka kilisaidia, ila silinda za nyuma zilibaki palepale mpaka utengenezaji ulipokoma mwaka 1959.

Kwa nini hili lina maana leo? Kwa sababu wenye Square Four bado wanazirekebisha ili ziende kasi zaidi. Injini ikichemka kupita kiasi, pistoni inaweza kuvimba na kukwama ndani ya silinda. Gurudumu la nyuma hufunga, na dereva anaenda chini.

Ningekuwa mimi fundi, ningeanza kwa kulinganisha kabla ya kubadilisha chochote. Toa plagi zote nne, uzipange kama zilivyokaa kwenye injini. Zote zikiwa nyeupe, shuku kinachozihusu zote: kabureta ni moja, na huenda petroli ni kidogo kuliko hewa. Kagua pia majira ya cheche, maana cheche ikichelewa joto huongezeka. Moja tu ikiwa tofauti, tafuta hewa inayopenya karibu na silinda hiyo. Mbili za nyuma zikionyesha joto kuliko za mbele, na mengine yote ni sawa, hapo unakutana na mchoro wa Turner wenyewe. Kabureta haitakuokoa.

Ndugu wawili wa Healey walilielewa hilo miaka ya 1970, walipojenga pikipiki zao kwa injini hiyo hiyo: walishughulikia mzunguko wa oili, kwa kuwa oili hufika pale ambapo upepo haufiki.

Sisi wa programu tuna tabia ya kubadilisha mistari mitano kwa mpigo, kisha tunashangaa ni upi uliotibu. Badilisha kitu kimoja, pima, kisha endelea. Na kabla ya kulaumu marekebisho ya juzi, uliza kama hitilafu haikuzaliwa na mashine yenyewe.

Haya, tukutane tena.