Nariokotome: Urithi Usio na Kiti cha Enzi

Mtoto maarufu kuliko wote wa Nariokotome hana ukoo. Mwaka 1984 Kamoya Kimeu aliona kipande cha fuvu kwenye kokoto kando ya mto huu wa msimu, magharibi mwa Ziwa Turkana. Mifupa iliyofukuliwa ina umri wa takribani miaka milioni 1.5, na jina lake, Mvulana wa Turkana, ni la mahali tu. Linamfaa. Anayetafuta hapa cheo cha kurithi kama cha Nabongo Mumia wa Wanga, au cha diwani wa pwani na siwa yake, atatembea kutwa bila kukuta kiti cha enzi. Hata hivyo Waturkana hurithi: hurithi mahali pa kuketi, tena si pale alipoketi baba.

Mwanamume huzaliwa ama Ngimor, yaani Mawe, ama Ngirisae, yaani Chui. Baba akiwa Jiwe, wanawe wote ni Chui, na wajukuu hurudi kuwa Mawe. Dai hilo huthibitishwa katika asapan: kijana humchoma mnyama kwa mkuki, kisha wazee humpaka majani yaliyosagika tumboni mwa mnyama huyo. Tangu hapo, kwenye akiriket, wazee wanapoketi nusu duara kusubiri nyama iliyo motoni, ana upande wake, na baba yake yuko upande wa pili. Mzee atamwachiaje mwanawe kiti ambacho mwana haruhusiwi kukikalia? Mrithi hupata nyama, wenzake wa rika, na akizeeka, sikio la watu. Amri juu ya wengine haimo.

Atauliza mtu: na waaguzi, ngimurok? Lokerio wa karne ya 19, anayesimuliwa kuwa alipasua ziwa kwa fimbo ili vijana wakateke ngamia ng'ambo, hakuwa mtu wa kawaida, na ni kweli kipawa hicho hukaa katika koo fulani. Lakini damu humfungulia emuron, yaani mwaguzi, mlango tu. Ndoto zisipotimia, watu humhama. Pingamizi zito zaidi ni mifugo, maana mwana wa tajiri huanza maisha na kundi. Kundi hilo, hata hivyo, hugawanywa kwa nyumba za mama, na ukame mmoja au uvamizi mmoja humtuma mrithi kuomba mbuzi kwa marafiki wa marehemu.

Waingereza, waliopeleka msafara wa kijeshi wa Labur mwaka 1918, walitaka mtu wa kumdai kodi, wakateua machifu. Mpaka leo chifu ni mwajiriwa wa serikali. Akistaafu, mwanawe hana dai juu ya ile kofia. Naye mwenyewe, siku dume likichomwa, ataketi na Mawe au na Chui, kama alivyozaliwa.