Kibali au Haki: Mfanyakazi Anayevuka Mpaka wa Afrika Mashariki

Neno *kibali* halikuzaliwa katika ofisi ya uhamiaji. Ni ndugu wa *kukubali*, na kabla halijapigwa muhuri lilikuwa neno la sala: mja huomba apate kibali machoni pa aliye juu yake. Mwenye kibali amependelewa. Hakustahili, ameonewa huruma, na aliyempa anaweza kumnyima kesho bila kuulizwa. *Haki* ni neno la namna nyingine kabisa, kwa sababu mwenye haki hadai zaidi ya kile ambacho tayari ni chake. Makala hii inashikilia kwamba mateso ya mwananchi wa Afrika Mashariki anayetafuta kazi ng'ambo ya mpaka hayatokani hasa na upungufu wa watumishi wala uchakavu wa mitambo. Chanzo chake ni kwamba serikali zetu zimeandikiana haki, kisha zikaendelea kugawa kibali.

Maandishi yenyewe yako wazi. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitiwa saini Novemba 2009 na ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Ibara ya 10 inampa mfanyakazi wa nchi mwanachama haki ya kuomba kazi katika nchi nyingine mwanachama, kuipokea, kufunga mkataba na kukaa huko kwa muda wa mkataba wake, na inakataza abaguliwe kwa uraia wake. Ibara ya 14 inamhakikishia ukaazi. Kanuni zilizoambatanishwa zinakwenda hadi kwenye hesabu ya siku: mwenye mkataba unaozidi siku 90 aombe hati ya kazi ndani ya siku 15 za kazi tangu kufunga mkataba, na mamlaka husika impe ndani ya siku 30. Ukisoma masharti hayo kwa makini utaona kuwa hati haiumbi haki, inaithibitisha tu, kama cheti cha kuzaliwa kinavyomthibitisha mtoto ambaye tayari yupo.

Sasa tumchukue mwalimu wa hisabati kutoka Kisii aliyepata ajira katika shule binafsi ya Arusha. Chini ya Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015, mwajiri wake atakwenda kwa Kamishna wa Kazi na kueleza jitihada alizofanya kumtafuta Mtanzania, na jinsi ujuzi wa mgeni huyo utakavyorithishwa kwa mwenyeji. Hati ya kazi ikitoka, linabaki dirisha la pili, la Idara ya Uhamiaji, kwa ajili ya hati ya ukaazi. Ni dirisha tofauti lenye sheria yake, ada yake na subira yake. Kati ya madirisha hayo mawili muhula wa shule unaweza kuisha. Jambo ninaloliona zito kuliko ucheleweshaji ni kwamba jirani aliyetoka nchi mwanachama anapimwa kwa swali lilelile analoulizwa mhandisi aliyetoka bara jingine: kwa nini tukupokee? Itifaki ilikwisha kulijibu swali hilo, na Ibara ya 8 ya Mkataba wa Jumuiya inaipa sheria ya Jumuiya nafasi ya juu kuliko sheria ya nchi katika mambo yanayohusu utekelezaji wa Mkataba huo.

Hati hiyo ya kazi pia humfunga mfanyakazi kwa mwajiri mmoja aliyetajwa ndani yake. Akitaka kuhama shule, anaanza upya. Akigombana na mkuu wake kuhusu mshahara, anagombana na mtu aliyeshika ukaazi wake, nyumba yake na masomo ya watoto wake. Tunalaani mfumo wa kafala wa nchi za Ghuba, unaomfunga mfanyakazi kwa mwajiri wake, na tuna sababu, maana binti zetu wengi walikwenda huko kufanya kazi za nyumbani na wakaumia. Qatar, baada ya shinikizo la miaka, iliondoa mwaka 2020 sharti la mfanyakazi kuomba ridhaa ya mwajiri kabla ya kuhama kazi. Ukatili wa kule sisemi unalingana na wetu. Nasema fundo ni la aina moja, na sisi tumelifunga kati ya ndugu.

Historia inatuonyesha kibali hufikia wapi. Mwaka 1970, Jumuiya ya kwanza ikiwa bado hai na mashirika yake ya reli, bandari na posta yakiajiri watu kutoka nchi zote tatu zilizokuwa wanachama, serikali ya Milton Obote iliwafukuza Uganda maelfu ya wafanyakazi Wakenya. Walikuwa wameishi huko kwa hisani, na hisani ilipokwisha walifungasha. Miaka saba baadaye Jumuiya yenyewe ilivunjika.

Kilichobadilika tangu wakati huo ni kwamba katika Jumuiya ya sasa kuna mahali pa kushtaki. Aprili 2011 wakili Mkenya, Samuel Mohochi, alizuiwa katika uwanja wa ndege wa Entebbe na kurudishwa Nairobi bila kuelezwa sababu. Uganda ilijitetea kwa mamlaka yake ya kuamua nani aingie kwake. Mei 2013 Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, iliyoko Arusha, iliamua kwamba Uganda ilikiuka Mkataba na Itifaki. Kesi ilihusu kuingia, si kuajiriwa, lakini mantiki yake haiishii uwanja wa ndege: nchi iliyojifunga kwa mkataba haiwezi kumgeuza mwenye haki kuwa mwombaji.

Wapo wanaopinga, na wengi wao hawasukumwi na chuki. Kijana wa Dodoma mwenye shahada na asiye na kazi anauliza kwa nini nafasi apewe mwenzake wa Nakuru. Mzee wa Kilimanjaro anahofia ardhi. Hofu ya ardhi ina jibu la kisheria, kwani Ibara ya 15 ya Itifaki imeiacha ardhi chini ya sera na sheria za kila nchi. Swali la kijana ni gumu zaidi, na halijibiwi kwa kumsomea ibara. Ninachoweza kumwambia ni kwamba anayeteremsha mshahara wake kwa urahisi zaidi ni mgeni asiye na hati kuliko mgeni mwenye hati. Asiye nayo hawezi kumfikia afisa kazi wala Tume ya Usuluhishi na Uamuzi bila kujianika, kwa hiyo hupokea anachopewa, na mwajiri hujifunza kuwa bei ya mwalimu ni ile.

Kenya, Uganda na Rwanda zimefutiana ada za hati za kazi. Novemba 2017, alipoapishwa kwa muhula wa pili, Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba Mwafrika Mashariki atafanya kazi, biashara na makazi Kenya kwa kitambulisho tu, bila kudai nchi nyingine zifanye vivyo hivyo. Nilifurahi kama wengi. Hata hivyo, tangazo la rais nalo ni kibali, kikubwa na cha ukarimu, lakini kinaondoka na aliyekitoa kama hakikuandikwa katika sheria.

Kinachotakiwa ni sheria za nchi zimtaje mwananchi wa Jumuiya peke yake, nje ya kapu la wageni: hati moja ya kazi na ukaazi, itolewe kwa kusajili mkataba, imfuate mfanyakazi anapobadili mwajiri, na siku 30 zikipita bila jibu la maandishi ihesabike imetolewa. Na wakati wa kuziandika upya sheria hizo, orodha za fani ambazo kila nchi iliahidi kuzifungua zisiachwe kama zilivyo. Sehemu kubwa ya orodha hizo inawataja wataalamu wenye vyeti. Msusi anayevuka Sirari kila alfajiri, fundi uashi wa Mutukula na mpishi wa mgahawa pale Namanga hawaonekani kwa urahisi humo, nao ndio wanaovuka kwa wingi, wengine kwa njia za panya, huku soko la pamoja likijadiliwa hotelini Arusha.