Spea za mitumba za mashine za kukerezea chuma

Spea za mitumba za mashine za kukerezea ni gia, taya, skrubu, shafti na vipande vingine vinavyong'olewa kwenye mashine kuukuu na kuuzwa kwa wenye karakana ndogo nyumbani. Soko lake limeshamiri Uingereza na Marekani, ambako mashine ndogo za aina hii zilitengenezwa kwa wingi katika karne ya 20. Myford ya Beeston, karibu na Nottingham, ilitoa ML7 mwaka 1946. South Bend ya Indiana ilijulikana kwa mashine yake ya inchi 9, na Atlas ya Kalamazoo, Michigan, ilitengeneza mashine ambazo Sears iliziuza kwa jina la Craftsman. Ndiyo maana kibati cha Craftsman chenye namba ya modeli inayoanza na 101 humwelekeza mnunuzi kwenye spea za Atlas.

Kinachowaponza wanunuzi si spea isiyofanana kabisa, bali ile inayokaribia kufanana. Gia ni mfano mzuri. Ili kupata pichi, yaani kipimo cha ukubwa wa meno, fundi huhesabu meno, huongeza 2, kisha hugawa jumla hiyo kwa kipenyo cha nje kwa inchi. Gia ya ML7 yenye meno 40 ina kipenyo cha inchi 2.1; ukigawa 42 kwa 2.1 unapata 20, ambayo ndiyo pichi ya Myford. South Bend ya inchi 9 hutumia 18, na Atlas ya inchi 10 hutumia 16. Sasa chukua gia ya kimetriki ya moduli 1.25 yenye meno 40: kipenyo chake ni milimita 52.5, wakati ile ya Myford ni milimita 53.34. Muuzaji asiye na vernia ataapa kuwa ni kitu kimoja, lakini zikikutanishwa hunguruma na kulana meno.

Skrubu nazo zina hila zake. Uzi wa Whitworth, uliopendekezwa na Joseph Whitworth mwaka 1841, una pembe ya nyuzi 55. Wa Kimarekani una nyuzi 60. Kwenye bolti ya robo inchi mifumo yote miwili ina nyuzi 20 kwa inchi, hivyo nati huingia bila kulalamika ingawa haishiki sawasawa. Kwenye nusu inchi siri hufichuka, maana Whitworth ina 12 na Kimarekani 13.

Kabla ya kuosha chochote, sharti metali yenyewe ijulikane. Gia nyingi za Atlas ni za zamaki, aloi ya zinki ambayo sumaku haiishiki. Zamaki iliyochanganyika na risasi wakati wa kuyeyushwa huvimba na kupasuka kutoka ndani kadiri miaka inavyopita, na hakuna dawa ya kuiponya.

Kwa chuma, njia nafuu ya kutoa kutu ni umeme. Kipande huzamishwa kwenye maji yenye kaboneti ya sodiamu, ileile inayozalishwa Ziwa Magadi nchini Kenya, kikaungwa kwenye ncha hasi ya chaja ya volti 12. Chuma chakavu huungwa kwenye ncha chanya. Chuma kisichoshika kutu kisitumike upande huo wa chanya, kwani hutoa misombo ya kromiamu yenye sumu. Kazi ifanyike penye hewa, mbali na moto, kwa sababu haidrojeni hutoka. Zamaki na aluminiamu zisiingizwe humo: maji hayo huzila.

Msasa ni adui wa nyuso zinazoteleza. Reli za kitanda cha mashine zilinyooshwa kwa usahihi mkubwa, na anayezing'arisha kwa msasa huondoa usahihi huo pamoja na kutu. Mafuta na wembe ulioshikwa kwa kulazwa hutosha mara nyingi. Rangi ya zamani nayo isikwanguliwe ikiwa kavu, maana huenda ina risasi.

Taya za kishikio, yaani kifaa kinachoshika kipande kinachokerezwa, ndizo zinazodanganya kuliko spea zote. Kwenye kishikio cha taya tatu, kila taya hugongwa namba 1, 2 au 3 na huingizwa kwa mpangilio huo, kwa kuwa meno yake ya nyuma huanza mahali tofauti. Zaidi ya hapo, kwa kawaida taya husagwa zikiwa ndani ya kishikio chake. Seti iliyotoka kwenye kishikio kingine, hata cha mtengenezaji yuleyule, inaweza kuingia vizuri na bado ikashika kipande nje ya kitovu, hadi isagwe upya hapo ilipofungwa.